Changu wa kuoka nyumbani, uwe na oveni au jiko la mkaa

Mtwara tumezoea kumkaanga samaki. Anatoka soko la Feri asubuhi, kabla ya adhuhuri ameshapita kwenye karai la mafuta, na jioni anarudi jikoni kuungwa kwa nazi. Chakula hicho nakipenda na sitaki kumwachisha mtu. Lakini changu aliyevuliwa usiku wa kuamkia leo ana utamu wake mwenyewe, mwepesi, na mafuta ya moto huufunika. Akiokwa, utamu ule unabaki. Tena kazi yenyewe ni ndogo kuliko kukaanga: husimami mbele ya karai, hurukiwi na mafuta, na samaki akiwa motoni unapata nafasi ya kumalizia wali na mboga.

Mwongozo huu ni wa chakula cha jioni cha watu wanne. Mwenye oveni ya gesi na mwenye jiko la mkaa wote watafika. Jambo moja nalisema tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi: samaki wa kuoka haokolewi na viungo. Anaokolewa na ubichi wake wa kweli, na ngozi yake kuwa kavu kabla ya kukutana na moto, na wewe kumtoa mapema. Hayo matatu yakikaa sawa, chumvi na ndimu vinatosha.

Samaki wa kumchagua

Changu ndiye chaguo langu la kwanza. Mnofu wake ni mweupe, unaachana vipande vikubwa akiiva, na miba yake ni minene kiasi cha kuonekana, jambo la maana kwenye meza yenye watoto. Chewa anamfuata, mnofu wake ni mnene na una unyevu mwingi, kwa hiyo anafaa akikatwa vipande vya upana wa vidole viwili. Tasi ni mtamu sana ila mwembamba, anaiva haraka. Pono mnofu wake ni laini mno, na asipofungwa kwenye majani atasambaratika. Kolekole anakubali kuokwa, lakini mwangalie kwa makini maana hukauka upesi.

Jodari na vibua waache kwa mapishi mengine. Hao mafuta yao yamesambaa ndani ya nyama, na wanahimili moto mrefu. Samaki wa mnofu mweupe huweka sehemu kubwa ya mafuta yake kwenye ini, mnofu wenyewe unabaki na mafuta kidogo sana. Ndiyo sababu dakika tano za ziada motoni zinamgeuza makapi, wakati kibua asingejali.

Kuhusu chewa nina ombi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao wakikua sana hugeuka kuwa madume. Tukiwamaliza wale wakubwa kabisa tunawamaliza madume, na tukinunua vitoto vya chewa tunakula ambao hawajawahi kutaga. Wa kati, wa kilo moja na nusu hadi mbili na nusu, ndiye mzuri hata kwa kupika: kipande chake kinaiva sawasawa nje na ndani.

Upepo wa kusi ukikaza, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vinashindwa kutoka nje ya mwamba, samaki wanakuwa wachache na bei inapanda. Siku hizo usilazimishe changu. Nunua tasi wadogo wa ndani ya ghuba, wawili au watatu, uwaoke kwa muda mfupi. Kaskazi ikirudi, kuanzia Novemba hivi, utachagua unavyotaka.

Sokoni

Hapa ndipo chakula chenyewe kinapoamuliwa, kwa hiyo nenda mwenyewe kama unaweza, na uende mapema. Soko la Feri hapa mjini, ufukwe wa Mikindani, au upande wa Lindi kule wavuvi wanakoshushia, kanuni ni zilezile.

Anza na macho. Jicho liwe limejaa, limebenjuka nje kidogo, mboni nyeusi na kioo chake angavu. Jicho lililozama na kuwa na ukungu mweupe linasema samaki huyu ameshakaa. Kisha inua kifuniko cha mashavu utazame matamvua: yawe mekundu ya damu, yenye unyevu. Yakiwa ya kahawia, au ya kijivu yenye ute unaovutika, mrudishe. Mbonyeze kwa kidole katikati ya ubavu. Nyama irudi mahali pake mara moja. Mwisho mnuse karibu na matamvua. Samaki mbichi ananukia bahari na mwani. Ukisikia shombo kali, usijipe moyo kwamba ndimu itaondoa.

Mwulize pia muuzaji alivyovuliwa. Wauzaji wengi wanajibu kwa ukweli ukiuliza kwa heshima:

"Mjomba, changu huyu wa nyavu au wa mshipi?"

"Wa dema, dada. Katolewa asubuhi hii upande wa Msangamkuu. Tazama matamvua."

Samaki wa dema, ule mtego wa kusukwa, na wa mshipi ndio bora kwa kuoka. Dema linawaweka hai mpaka mvuvi anapolitega upya, na mshipi unamtoa mmoja mmoja bila kumkandamiza. Wa nyavu aliyekaa muda mrefu majini akiwa amekufa huwa amelegea hata kama macho yake bado yanang'aa.

Sasa kuna samaki wa baruti. Pwani yetu ya kusini imeumizwa kwa miaka mingi na uvuvi huu, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaukataza waziwazi. Mlipuko unavunja matumbawe ambayo changu, chewa na tasi wanakaa na kujificha humo, na mwamba uliovunjika unachukua miaka mingi kurudi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ipo kwa ajili ya kulinda miamba ya namna hiyo. Mpishi naye ana la kufanya, kwa sababu samaki wa baruti anajulikana. Kwa nje anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini ukimshika amelegea, hana uthabiti wa samaki mbichi. Ukimpasua unakuta damu imevia ndani ya tumbo, utumbo umepasuka, na uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama. Mnofu wake ukiokwa unatoa maji na kuvurugika. Kwa hiyo mwombe muuzaji ampasue mbele yako kabla ya kulipa. Ukikuta damu imevia, acha. Kila anayekataa kununua anapunguza sababu ya kutupa baruti nyingine.

Kwa watu wanne chukua changu wawili wa gramu 600 hadi 700 kila mmoja, au mmoja wa kilo na robo. Kumbuka karibu nusu ya uzito wa samaki mzima ni kichwa, miba, mapezi na matumbo. Ukinunua chewa wa vipande, gramu 800 zinatosha.

Kabla hujaondoka sokoni tafuta barafu. Jua la Mtwara halisubiri, na samaki aliyewekwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya bodaboda kwa nusu saa ameshaanza kuharibika. Weka ndoo ndogo yenye mfuniko, barafu chini na juu, samaki katikati. Nyumbani akae kwenye jokofu, na asizidi siku moja kabla ya kupikwa. Huna jokofu? Nunua siku hiyohiyo, mweke kwenye barafu iliyopondwa yenye uzito sawa na wake, na uimwage ile inayoyeyuka ili asilowe.

Kumpara na kumtayarisha

Wapara samaki wa sokoni wanafanya kazi hii vizuri kwa fedha kidogo, na mimi nawaachia. Waambie mambo mawili tu: wasikate kichwa, na wasimpasue mgongoni. Kichwa kinalinda unyevu, na mgongo mzima unamfanya aive taratibu.

Ukipara mwenyewe, mlowanishe kwanza, shika mkia, uparue kuelekea kichwani kwa mgongo wa kisu. Usisahau magamba ya chini ya tumbo na pembeni mwa mapezi; hayo ndiyo yanayokutwa mdomoni. Pasua tumbo kuanzia tundu la nyuma hadi chini ya mashavu, toa matumbo yote, kisha ng'oa matamvua kwa vidole au mkasi. Ndani, kando ya uti wa mgongo, utaona mstari wa damu nyeusi. Uchane kwa ncha ya kisu na uusugue kwa kidole chini ya maji mpaka uishe. Uchungu na shombo nyingi za samaki wa kuoka zinatoka hapo, na ndipo wengi wanaporuka.

Anayetayarisha tasi awe mwangalifu zaidi. Miba ya mgongoni na ya tumboni ina sumu na inachoma hata akiwa ameshakufa. Ikate kwa mkasi kabla ya kitu kingine chochote. Ikikuchoma, tumbukiza kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua. Uvimbe ukizidi, nenda zahanati.

Osha samaki haraka kwa maji safi yanayotiririka. Usimloweke kwenye beseni. Kisha mkaushe kwa kitambaa safi, nje na ndani ya tumbo, mpaka kitambaa kisitoke na maji. Najua wengi tunamtoa kwenye maji na kumtupa motoni akichuruzika. Kwa kukaanga utasikia mafuta yakilalamika, kwa kuoka hutasikia kitu, lakini maji yale yatageuka mvuke na samaki wako atachemka badala ya kuokwa.

Mchanje kila ubavu mara tatu, kwa mshazari, kina kifike karibu na mfupa. Sehemu ya karibu na kichwa ndiyo nene, ichanje kwa karibukaribu. Ya mkiani mchanjo mmoja unatosha. Mpake chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila samaki wa gramu 600 hadi 700, nyingi iingie kwenye michanjo na tumboni. Mwache nusu saa mahali pa baridi. Chumvi itavuta maji kidogo na kuukaza mnofu. Yafute maji hayo kabla ya kupaka viungo.

Viungo

Twanga punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Ongeza nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu ya bizari nyembamba, na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti au ya ufuta. Ufuta tunaulima sisi wenyewe Lindi na Mtwara, na mafuta yake yana harufu inayopatana na samaki. Ukiyapata mazuri, changanya kijiko kimoja na viwili vya alizeti ili yasitawale. Anayetaka pilipili mbuzi aikate nusu, atoe mbegu.

Bizari za mchuzi za pakiti sizitumii hapa. Zinamfanya samaki yeyote awe na ladha moja, na kama hilo ndilo unalotafuta, hapakuwa na haja ya kuamka kwenda Feri.

Kwa kumlazia: vitunguu maji viwili vikubwa na nyanya tatu, vyote vikatwe mviringo wa unene wa kidole, na viazi mviringo vitatu vilivyokatwa vyembamba na kuchemshwa dakika tano. Msimu wa embe ukiwa umeanza, katikati ya vitunguu weka vipande vya embe bichi. Linachuja uchachu wake polepole kwenye maji ya samaki, na kwa maoni yangu ni bora kuliko ndimu yoyote.

Ndimu yenyewe nataka tuizungumze. Tumefundishwa kumkamulia samaki ndimu na kumwacha saa nzima, wengine asubuhi mpaka jioni, ili shombo itoke. Uchachu wa ndimu unaivisha mnofu bila moto: utaona unageuka mweupe mzito na kukaza. Ukiuongezea moto juu ya hapo unakuwa umempika mara mbili, na matokeo yake ni mnofu mkavu unaovunjika kama chaki. Kamua ndimu moja dakika kumi tu kabla ya kumwingiza motoni, na ya pili iweke mezani ikiwa imekatwa. Samaki mbichi hana shombo ya kupigana nayo.

Paka viungo kwenye michanjo, tumboni na juu. Tumboni ongeza vipande viwili vya kitunguu na majani ya giligilani pamoja na vijiti vyake.

Kuoka kwa oveni

Washa oveni nyuzi 200 za Selsiasi, na uiache ishike moto dakika 15 kabla samaki hajaingia. Oveni yenye kipimo kilichokufa iwashe juu kidogo ya moto wa wastani, uipe muda huohuo. Kumwingiza kwenye oveni baridi kunamfanya aanze kutoa maji mapema.

Paka mafuta kwenye sinia la kuokea, panga viazi, vitunguu na nyanya, nyunyiza chumvi kidogo, ingiza motoni peke yake dakika kumi. Kisha toa sinia, mlaze samaki juu, urudishe kwenye rafu ya kati ya oveni. Usimfunike. Changu wa gramu 600 hadi 700 anataka dakika 20 hadi 25; wa kilo na robo dakika 30 hadi 35. Vipande vya chewa vya unene wa sentimita mbili na nusu vinaiva kwa dakika 12 hadi 15, kwa hiyo viazi vyake vitangulie zaidi. Samaki hageuzwi. Joto linamzunguka pande zote, na ukimgeuza ngozi inabaki kwenye sinia.

Wengine wanapenda kumfunga kwenye karatasi ya foili. Inafaa kwa pono na kwa anayependa mnofu wenye majimaji, ingawa ngozi haitakuwa na rangi. Ila foili ikigusana na ndimu, nyanya na chumvi kwenye moto hutoboka na kuacha ladha ya bati. Tanguliza jani la mgomba, foili ije nje.

Kuoka kwa mkaa

Nyumba nyingi hazina oveni, na hazihitaji. Bibi zetu wameoka mikate ya kumimina kwa kupalia moto juu na chini, na samaki anaokwa kwa njia hiyohiyo.

Unahitaji sufuria pana na nzito, mfuniko wa bati ulio bapa au sinia la aluminiamu la kufunikia, na majani ya mgomba mawili makubwa. Toa uti wa katikati wa jani, kisha libabue: lipitishe juu ya makaa taratibu mpaka libadilike rangi, ling'ae na kulainika. Jani lisilobabuliwa linapasuka ukilikunja. Tandika jani moja chini ya sufuria likipanda mpaka kingo, paka mafuta, panga vitunguu na nyanya (viazi hapa viive kabisa kwanza), mlaze samaki, mfunike kwa jani la pili, kisha weka mfuniko.

Washa mkaa nje au mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa inaua mtu kimya. Subiri makaa yashike yote na kuanza kuvaa jivu jeupe. Hapo gawanya: theluthi moja ibaki chini ya sufuria, theluthi mbili ziende juu ya mfuniko. Wanaoshindwa njia hii karibu wote wamefanya kinyume, moto mkali chini, kisha wakala vitunguu vilivyoungua na samaki mbichi mgongoni. Kama jiko lako lina moto mkali usiopungua, tandaza mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa, uweke sufuria ya samaki juu yake. Mchanga unasawazisha joto, lakini upashe moto robo saa kabla, na uongeze dakika kumi kwenye muda.

Mpe changu wa gramu 600 hadi 700 dakika 25 hadi 30. Usifunue mpaka zifike 20. Ukifunua, inua mfuniko kwenda juu kwa koleo mbili bila kuuinamisha, jivu lisimwangukie. Akikaribia kuiva toa jani la juu, rudisha makaa kwa dakika tano za mwisho, na ngozi itashika rangi ya dhahabu.

Kujua ameiva

Saa inakuongoza, haiamui. Chomeka ncha ya kisu kwenye mchanjo ulio karibu na kichwa, sukuma mnofu kidogo. Ukiachana na mfupa kwa urahisi na umekuwa mweupe usiopenya mwanga, ameiva. Ukiwa bado unang'ang'ania mfupa na una rangi ya kioo, mpe dakika tatu uangalie tena. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 63 kwenye sehemu nene kuliko zote.

Mtoe mnofu wa karibu na mfupa ukiwa ndio kwanza umegeuka mweupe. Joto lililo ndani yake litaendelea kumpika kwa dakika tano akiwa mezani, na hizo dakika tano umpe bila kumgusa, maji yake yatulie ndani. Wanaosubiri mpaka mnofu uanze kupasuka wenyewe motoni ndio wanaosema samaki wa kuoka ni mkavu.

Korosho na tui

Haya mawili si lazima, lakini tuko Mtwara. Twanga kiganja cha korosho zilizokaangwa, zibaki chengachenga, changanya na kitunguu saumu kidogo, giligilani na kijiko cha mafuta. Mnyunyizie samaki dakika tano za mwisho. Mapema zaidi ya hapo zitaungua na kuwa chungu.

Tui nalipika pembeni, si juu ya samaki. Ikune nazi moja, kamua tui zito kikombe kimoja, weka motoni na kitunguu kilichosagwa, chumvi na pilipili, koroga bila kuacha mpaka lianze kuchemka na kuwa zito. Ukiliacha bila kukoroga linakatika. Likiwa tayari mimina ndani yake yale maji yaliyotoka kwenye samaki, koroga mara moja, epua. Kila mtu anajimwagia mwenyewe kwenye sahani, na anayemtaka samaki wake mkavu anabaki naye hivyo.

Kupanga muda wa jioni

Kama mnakula saa 1:30 usiku, samaki apakwe chumvi saa 11:45 jioni. Saa 12:15 mfute na umpake viungo, washa oveni au mkaa, injika wali. Viazi na vitunguu viingie saa 12:35. Mkamulie ndimu saa hiyohiyo. Samaki aingie saa 12:45, na akiwa ndani, pika tui na mchicha au matembele, vyote havizidi dakika 15. Saa 1:15 kila kitu kiko tayari hata kwa njia ya mkaa.

Wali mweupe unatosha ukiwa na tui pembeni; wali wa nazi na tui la nazi pamoja vinazidi uzito. Ugali wa muhogo unapendeza sana na maji ya samaki yenye embe bichi. Kachumbari iwe na chumvi kidogo, kwa sababu samaki tayari anayo.

Mezani anza kumtoa mnofu wa juu kwa kijiko, kutoka mgongoni kuelekea tumboni, vipande vitoke vizima. Ukimaliza upande mmoja shika mkia uinue uti wa mgongo wote pamoja na kichwa, na mnofu wa chini utabaki sahanini bila miba mikubwa. Watoto wapewe huo, baada ya wewe kupitisha vidole. Nyama ya mashavuni ni ya mgeni au ya mzee wa nyumba.

Kilichobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kipindi cha joto kali, saa moja. Mnofu wa kesho uchambue, uchanganye na viazi vilivyopondwa, utapata katlesi nzuri za chai ya asubuhi. Kichwa na uti wa mgongo vichemshe usiku huohuo na tangawizi, kitunguu na ndimu, dakika 20 tu, uchuje, uweke kwenye jokofu. Asubuhi supu ipashwe moto mpaka ichemke, na muhogo wa kuchemsha uwe pembeni.